Gari Lisilo na Habari

Saa kumi na moja alfajiri Mamboleo bado ni giza, na majogoo ndiyo kwanza wanaanza kujibizana. Nafungua mlango wa gari, naingiza ufunguo, nauzungusha nusu, kisha natulia. Kwenye dashibodi inawaka taa ndogo ya manjano yenye umbo la waya uliojiviringa. Hiyo ni taa ya hita plagi. Naisubiri izime yenyewe, ndipo namalizia mzunguko. Injini inashika mara moja, kwa ule mgurumo mzito wa dizeli ambao majirani zangu wameuzoea kama walivyozoea adhana na kengele ya shule.

Nyuma yangu wanaingia watu kumi. Mama yangu, ambaye watoto wanamwita Dani, anakaa kiti cha kwanza karibu na dirisha. Mke wangu, watoto wetu wanne, shemeji zangu wawili na majirani wawili walioomba nafasi wanajipanga wenyewe. Chini ya viti kuna gunia la mchele wa Ahero, sufuria mbili kubwa na turubai la kukodi. Tunakwenda Asembo kwenye matanga. Tutateremka mjini, tupite Kisian, tukate kushoto kufuata barabara ya Bondo hadi Ndori, kisha tushuke kuelekea ziwani.

Mpaka tunafika, hakuna aliyesema neno lolote kuhusu gari. Walimzungumzia marehemu, wakazungumzia bei ya omena, wakaimba kidogo baada ya Kombewa, na Dani akasinzia. Gari lilikuwa kama sakafu ya nyumba: unaikanyaga siku nzima wala huikumbuki. Mimi niliyeshika usukani ndiye niliyejua kwamba utulivu ule umetengenezwa kwa mikono. Una mwenyewe, na ningependa watu wa Kisumu wautazame kwa makini jinsi unavyofanywa.

Gari letu ni Toyota HiAce ya umbo la zamani, lile lililotoka 1989, lenye injini ya 3L ya lita 2.8. Miaka mingi Wakenya waliliita "nissan" gari lolote la abiria kumi na wanne, hata kama limeandikwa Toyota mbele na nyuma, kwa sababu Nissan ndiyo matatu iliyotupeleka shuleni na sokoni. Kanuni zilizoanza kutumika Februari 2004, ambazo kila mtu aliziita za Michuki kwa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati huo, John Michuki, ziliyaletea matatu mikanda, kidhibiti mwendo na mstari wa manjano ubavuni. La kwetu halina mstari huo. Halibebi abiria wa nauli. Linabeba ukoo.

Mgeni anaweza kuuliza kwa nini familia moja ihitaji gari kubwa kiasi hicho. Aliyezaliwa kando ya ziwa haulizi. Mjini ni mahali pa kazi. Nyumbani ni dala, na dala iko Siaya, Homa Bay, Nyakach au Migori. Kila mazishi, kila harusi, kila kufunga na kufungua shule, kila Desemba, dala inaita, na hukuitwa peke yako. Kwa safari za namna hiyo dizeli ina sifa zake: inavuta mzigo bila kupiga kelele za kuchoka, na ikijaa watu bado inakula mafuta kwa kiasi. Lakini ina masharti, na asiyeyajua hulipa.

Nami nililipa. Gari letu la kwanza, la dizeli pia, lilikuwa likipanda joto kidogo kila tulipokwenda upande wa Kakamega. Nikalipeleka gereji moja mjini. Wakaniambia dawa ni kutoa thamostati, maji yatembee kwa uhuru. Wakaitoa, nikalipa, nikashukuru. Wiki mbili baadaye, gari likiwa limejaa, tukaanza kupanda mlima wa Riat kutoka Mamboleo kwenda Kiboswa. Katikati ya mlima sindano ya joto ikaruka, mvuke ukatoka chini ya kiti, na injini ikazima. Silinda hedi ilikuwa imepasuka. Dani alishuka na kukaa juu ya jiwe kando ya barabara, na sisi tukasimama pale hadi saa mbili usiku. Gari hilo halikupona, tuliliuza likiwa limekokotwa.

Tulipopata hili la pili, mwalimu mwenzangu alinipeleka kwa mzee mmoja anayefanyia kazi chini ya mwembe, kwenye kichochoro kisicho mbali na soko la Kibuye. Amepita miaka sitini, kwa hiyo wote tunamwita Jaduong', naye ananiita Mwalimu. Ovaroli yake ya buluu ina viraka lakini haina uchafu wa jana. Spana zake zimelala juu ya gunia kwa mpangilio, kuanzia namba 8 hadi 24, na anapomaliza kutumia moja anaifuta kwa kitambaa kabla ya kuirudisha. Siku ya kwanza hakugusa injini. Alinyanyua kiti cha mbele, maana katika HiAce ya aina hii injini imekaa chini ya viti vya dereva na wenzake, akaniambia niwashe, kisha akainama na kusikiliza. Baada ya muda akainuka. "Hii haina ugonjwa," akasema. "Ina njaa ya kutunzwa."

Ujuzi wake una ukoo mrefu. Reli kutoka Mombasa ilifika hapa Desemba 1901, wakati mji ukiitwa Port Florence, na tangu mwanzo Kisumu ilikuwa karakana kubwa. Meli zililetwa vipande vipande kutoka Uingereza, zikaungwa hapa ufukweni na kusukumwa majini. Meli ya Uhuru, ile inayopakia mabehewa ya treni, ilianza kazi miaka ya 1960 kwa injini za dizeli. Ikaja kukaa gatini bila kazi zaidi ya miaka kumi, na 2019 ikarudi ziwani. Upande wa pili, kwenye uwanda wa Kano, kulikuwa na viwanda vya sukari: Miwani tangu miaka ya 1920, kisha Muhoroni na Chemelil miaka ya 1960. Mitambo hiyo yote ilihitaji mikono, na mikono ikafundisha mikono. Jaduong' alijifunza kwa mzee aliyestaafu kutoka karakana ya reli. Huyo mzee, anasimulia, alimweka mwaka mzima akiosha vyuma kwa mafuta ya taa kabla ya kumruhusu kufungua nati moja ya pampu.

Kwa nini kuosha kwanza? Jibu limo ndani ya injini yenyewe. Rudolf Diesel, Mjerumani aliyefanikisha injini yake Augsburg mwaka 1897, aliachana na cheche. Injini ya petroli huwashiwa moto na plagi. Ya dizeli hujiwashia. Katika injini kama yetu, pistoni huibana hewa mpaka ibaki chini ya sehemu moja kwa ishirini ya nafasi yake, na hewa iliyobanwa hivyo hupata joto la zaidi ya digrii 500. Hapo ndipo dizeli inaponyunyizwa, na inaungua papo hapo. Hita plagi za alfajiri kazi yake ni kupasha chumba tu ili mwanzo uwe mwepesi. Baada ya hapo hakuna umeme unaosaidia kuunguza. Kila kitu kinategemea hewa kubanwa barabara na mafuta kufika kwa wakati, kwa kipimo, na kwa usafi. Jaduong' anayafupisha haya kwa kuhesabu vidole: "Hewa safi, dizeli safi, oili safi, maji safi. Vinne hivyo, Mwalimu. Ukivilinda, utakuja kwangu kunisalimia tu."

Tuanze na dizeli, kwa kuwa hapo ndipo wengi huumia. Bomba la Mombasa lilifikishwa Kisumu 1994, na tangu hapo mafuta mengi ya magharibi ya Kenya, na mengine ya nchi jirani, hupitia ghala la hapa. Lakini kutoka ghalani hadi kwenye tanki lako kuna mikono mingi. Kwa miaka mingi mafuta ya taa yalikuwa rahisi kuliko dizeli kwa sababu ya kodi ndogo, na walaghai wakayachanganya. Mwaka 2018 serikali iliweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili faida ya kuchanganya ife. Ubaya wa mchanganyiko huo hauonekani siku ya kwanza. Pampu ya injini kama yetu haina oili yake. Inalainishwa na dizeli yenyewe inayopita ndani. Mafuta ya taa ni mepesi, hayalainishi vya kutosha, na vyuma vilivyosagwa kwa usahihi wa ajabu vinaanza kukwaruzana. Pampu hufa polepole, na siku inapokufa kituo ulichonunulia mafuta umeshakisahau.

Adui wa pili ni maji. Tanki lililo nusu tupu hupumua: hewa yenye unyevu wa ziwa huingia, usiku inapoa, na matone hujikusanya ukutani na kuteremka chini. Kwa hiyo Jaduong' ametufundisha kujaza tanki jioni badala ya asubuhi, na kununua pale ambapo malori hununua, kwani mafuta ya hapo hayakai kwenye tanki la kituo muda mrefu. Na kila Jumamosi ya pili ya mwezi tunanywesha chupa.

Ndivyo watoto wanavyoliita zoezi hilo. Chini ya filta ya dizeli kuna kifundo kidogo cha plastiki. Binti yetu wa pili, mwenye miaka kumi na mitatu, hukinga chupa tupu ya maji ya kunywa, anakilegeza kifundo nusu mzunguko, na dizeli inaanza kutiririka. Akijaza robo ya chupa anafunga na kuiweka juu ya ukuta wa ua, juani. Tunakunywa chai. Tukirudi, kilichokuwa kimoja kimekuwa viwili: juu dizeli ya rangi ya asali, chini, ikiwa kuna tatizo, maji yamejitenga na kukaa kama jicho linalotutazama. Anapima kwa vidole na kuandika. Kisha anabonyeza pampu ya mkono iliyo juu ya filta. Mara ya kwanza inaingia laini, kwa sababu hewa imeingia. Mara ya kumi inaanza kukaza. Mara ya ishirini haibonyezeki tena. Hapo hewa imetoka yote. Mtoto anajua kwa kiganja chake kile ambacho watu wazima wengi hukigundua gari likizima Sondu usiku.

Kazi nyingine hazifai kufanyiwa nyumbani, na uungwana wa mwenye gari ni kujua mpaka wake. Nozo ni mojawapo. Injini yetu ina nne, kila moja ndogo kama kidole gumba, na ndizo zinazonyunyizia dizeli ndani ya silinda. Nilimwomba Jaduong' aniruhusu nitazame anavyozipima, akakubali kwa sharti kwamba mikono yangu ikae mfukoni.

Alizifungua moja moja na kuzilaza juu ya kitambaa cheupe kwa mpangilio wa silinda zake, maana nozo ya kwanza ikirudi kwenye silinda ya tatu, alisema, utakuwa umepoteza ushahidi. Akaifunga ya kwanza kwenye mashine yake ya kupimia: kitangi kidogo, wenzo wa mkono na geji ya duara. Akaubonyeza wenzo. Sindano ya geji ikapanda taratibu, ikapita 100, ikatetemeka, na ghafla nozo ikatoa sauti kavu, krrr, kama chura mdogo wa mabwawa ya Nyando. Chini yake kukatokea ukungu mweupe wenye umbo la pia, mwembamba, uliokaa hewani kidogo kabla ya kutoweka. Akafuta ncha ya nozo kwa kidole, akaitazama. Kavu. "Hii inasema kweli," akasema.

Ya pili ilisema kweli. Ya tatu haikuimba. Dizeli ilitoka kama uzi ulionyooka, na baada ya kuachia wenzo tone moja lilining'inia kwenye ncha, likanenepa, likaanguka. Tone hilo ndilo lililokuwa likitupa moshi mweusi kila nilipoongeza mwendo. Ukungu huungua wote kwa pamoja. Tone huungua nje tu, na kinachobaki ni masizi. Aliifungua nozo, akaitia ndani ya mafuta safi, akachukua sindano yake na kuichomoa, akaikagua kwenye mwanga wa jua, akaisugua kwa kijiti laini cha mti. Kwa waya au msasa? Kamwe. Kisha akaongeza shimu, kipande cha chuma chembamba kama unywele, ili springi ikaze zaidi. Akairudisha kwenye mashine. Ikakohoa. Akaifungua tena, akabadilisha shimu. Mara ya nne chura akaimba.

Ilimchukua karibu saa nzima kwa nozo moja. Wateja wawili walikuja wakaondoka. Mara moja tu alizungumza na mimi, niliposogeza uso kuutazama ule ukungu kwa karibu. Akanishika bega na kunirudisha nyuma. Shinikizo lile, alinieleza, ni zaidi ya mara thelathini ya lile lililo ndani ya tairi. Dizeli inapenya ngozi kama sindano ya hospitali, na mwenye kuchomwa haoni kidonda mpaka mkono uanze kuoza. Katika magari mapya ya dizeli shinikizo hilo hupita mara elfu moja ya hewa tunayoivuta. Mikono yangu ilibaki mfukoni.

Na thamostati? Nilimsimulia yaliyotupata Riat. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaenda kwa mama anayeuza chai ng'ambo ya kichochoro na kurudi na sufuria ndogo na jiko lenye makaa. Akatia maji, akaning'iniza thamostati mpya ndani yake kwa uzi ili isiguse chini, na tukakaa juu ya vigoda tukitazama maji yakipata moto. Kisumu iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji ya sufuria huchemka karibu digrii 96, hayafiki mia. Viputo vilianza kushikamana na shaba. Kabla maji hayajachemka, kile chuma kikaanza kujifungua, polepole, kama ua la yungiyungi. Akakitoa kwa uzi, akakiweka juu ya kitambaa, na baada ya dakika moja kikajifunga tena bila kuguswa na mtu.

Kisha akanieleza lile ambalo gereji ile haikunieleza. Katika injini za namna hii, thamostati inapofunguka haifungui tu njia ya kwenda kwenye radieta. Kwa upande wake wa pili inaziba njia ya mkato inayoyarudisha maji kwenye injini bila kupoa. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi daima. Maji yanapenda njia fupi kama watu. Sehemu yake haifiki kwenye radieta kabisa, na mlimani, mzigo ukizidi, injini inakaangwa huku radieta ikiwa na uwezo wa kuipoza. Nilinyamaza. Nilifikiria Dani juu ya jiwe lake. Miaka yote niliamini thamostati ilikuwa mzigo, kumbe ndiyo iliyokuwa bawabu mwenye akili kuliko wote.

Tangu siku hiyo maji ya bomba hayaingii kwenye radieta yetu, maana huacha chokaa na kutu. Tunatia maji ya radieta yaliyochanganywa dawa, na kifuniko chake tunakibadilisha mpira wake unapokakamaa, kwa kuwa kifuniko ndicho kinachoyabana maji ili yasichemke mapema.

Ustadi wa Jaduong' ninaoupenda zaidi ya yote ni ule wa kutofungua. Fundi mchanga hupenda kufungua, kwa kuwa kufungua kunaonekana kuwa kazi. Yeye huanza na moshi. Mweusi: mafuta mengi au hewa kidogo, angalia filta ya hewa kabla ya kugusa pampu. Wa buluu: oili inaungua. Mweupe unaokawia: dizeli isiyoungua, au maji yameingia mahali yasipotakiwa. Dalili ya mvua ni mawingu, na ekzosi ndilo wingu la dizeli. Kisha anavuta kijiti cha oili na kulisugua tone kati ya kidole gumba na cha shahada, macho akiwa ameyafumba. Weusi haumtishi. Oili ya dizeli huwa nyeusi siku chache tu baada ya kubadilishwa, na huo ni ushahidi kwamba inayabeba masizi badala ya kuyaacha ndani. Anachotafuta ni ukwaruzo wa mchanga, au ulaini wa kupita kiasi unaoonyesha kwamba dizeli imeingia humo. Oili yetu inabadilishwa kila kilomita 5,000. Tangu 2015, Kenya iliposhusha salfa katika dizeli hadi sehemu 50 kwa milioni, oili haipati tena asidi nyingi kama zamani, lakini vumbi la barabara za dala bado halijapunguzwa na sheria yoyote.

Mkanda wa taimingi ndio pekee asioupa nafasi ya kuongea. Huo haukatiki kwa dalili. Ukikatika, pistoni hugonga valvu na injini imekwisha. Toyota ilipanga ubadilishwe kila kilomita 100,000. Sisi tuliubadilisha wiki tuliyonunua gari, kwa sababu kilomita za gari lililopitia mikono mingi ni maneno tu. Alipomaliza, aliandika kwa rangi nyeupe kwenye kifuniko chake tarehe na kilomita, kwa mwandiko wa mtu aliyefundishwa kuandika kwenye ubao. "Siandiki kwa ajili yako," akaniambia. "Naandika kwa fundi atakayekuja nikiwa sipo."

Oili ya zamani hamwagi. Anaitia kwenye mtungi, na watu huja kuichukua kupaka nguzo za ua zisiliwe na mchwa. Anakumbuka enzi za ufuo wa Lwang'ni, madereva waliposhusha magari mpaka magurudumu yakawa ndani ya ziwa na kuyaosha pale pale, jirani na waliokuwa wakila ngege. Mtaro wa kila mtaa wa mji huu mwisho wake ni Ghuba ya Winam, anasema, na fundi anayemwaga oili mtaroni anaimwaga kwenye sufuria ya mamake.

Kwa miaka mingi tumewasifu mafundi wa kuokoa: yule aliyefika Awasi usiku wa manane, yule aliyefunga bomba kwa mpira wa baiskeli na gari likafika nyumbani. Wanastahili sifa zao. Lakini fundi wa kuzuia hana hadithi. Kazi yake ikifanikiwa, hakuna kinachotokea, na mwenye gari huanza kujiuliza analipia nini. Nimeona wenzangu wakimpunja Jaduong' kwa sababu "amesikiliza tu," kisha wakailipa gereji mara kumi zaidi kwa injini iliyokufa kwa kutosikilizwa. Kwa hiyo mimi naye tuliafikiana kwa namna nyingine. Kila miezi mitatu analitazama gari kwa asubuhi nzima, nami namlipa kiasi kile kile, awe amebadilisha kitu au hajabadilisha. Siku ambayo hakupata la kufanya, alitaka kunirudishia nusu. Nilikataa. Nilimwambia kwamba siku hiyo ndiyo niliyoipenda kuliko zote.

Tuliondoka Asembo Jumapili alasiri, gari likiwa zito kuliko tulivyokwenda: mihogo, kuku wawili, na shangazi aliyekuwa akielekea hospitali ya mjini. Tulipofika nyumbani sikuizima injini papo hapo. Niliiacha ingurume polepole dakika mbili, wote wakishusha mizigo, kisha nikaizima.

Binti yetu alileta daftari. Ni la kawaida la kurasa 96, linakaa ndani ya sanduku la mlango wa dereva pamoja na tochi na kitambaa. Jaduong' ndiye aliyelipigia mistari ya kwanza: tarehe, kilomita, kilichofanywa, na safu ya nne, shida njiani. Mtoto alisoma kilomita, akaandika, akaja kwenye safu ya nne. Hakuniuliza. Aliandika alichokiandika Mei, na Juni, na safari zote za likizo, kwa herufi ndogo zilizonyooka: hakuna.

Nilitaka kumwambia kwamba neno hilo limeandikwa na mikono mingi: na mzee wa karakana ya reli aliyemfundisha kijana kuosha vyuma mwaka mzima, na chura aliyeimba mara ya nne, na kiganja chake mwenyewe juu ya pampu ya filta. Lakini Dani alikuwa anamwita amsaidie kushuka, na mlango ulikuwa umeshafunguliwa.